Jembe Bila Mavuno

Matajiri wengi hupenda kuwaambia wafanyakazi wao: "Hapa sisi ni familia moja." Ni neno zuri, wala hatulidharau. Lakini neno hilo lina deni lake. Katika familia, anayeugua hahesabiwi kuwa hasara. Chakula kikipungua, hupungua katika sahani zote. Na jambo zito likitokea, watu wazima wa nyumba huketi pamoja. Je, kazini ndivyo ilivyo? Au familia hukumbukwa jioni tu, mtu anapoombwa kubaki saa mbili zaidi pasipo malipo?

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huona ukali katika methali hii. Sisi twaona heshima. Aliyepewa jembe si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumbani, na mavuno yamhusu. Kosa letu leo ni kumpa mtu jembe, kisha kumwacha mgeni miaka yote.

Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba ni haki wafanyakazi washiriki katika mambo ya shirika wanalolitumikia. Wako waliojaribu. Huko Mondragón, nchini Hispania, Padre José María Arizmendiarrieta alianzisha shule ya ufundi mwaka 1943. Mwaka 1956 vijana watano waliofundishwa naye walianzisha kiwanda cha majiko, ambamo kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe mkubwa au fundi. Kiwanda hicho, kilichokuja kuitwa Fagor, kilifilisika mwaka 2013. Hapo undugu ukapimwa. Wanachama walio wengi walipokelewa katika viwanda vingine vya ushirika ule, au walipewa pensheni mapema. Waliokuwa wameajiriwa bila kuwa wanachama hawakuwa na kinga hiyo. Tofauti ya ndugu na mgeni haikuonekana siku ya sikukuu, bali siku ya hasara.

Bwana Wetu alisema kwamba mtu wa mshahara huwakimbia kondoo mbwamwitu ajapo, kwa sababu kondoo si wake. Sisi twapenda kumlaumu mtu huyo. Tujiulize pia ni nani aliyemfundisha kuwa kondoo si wake.

Atajibu tajiri: "Mtaji ni wangu, na hatari ni yangu." Ni kweli, wala si kila duka laweza kuwa chama cha ushirika. Lakini kila tajiri aweza kulipa kwa siku iliyoahidiwa, kusema kweli juu ya hali ya kazi, na kuuliza shauri kabla ya kukata shauri. Na mfanyakazi anayetaka kuitwa ndugu asiibe saa wala misumari, ndugu hajiibii.

Nasi wazazi tusiwanyoshee kidole wenye kampuni peke yao. Yuko msichana atupikiaye, ambaye mbele ya wageni twamwita "binti yetu". Anakula nini, na wapi? Analipwa tarehe ngapi? Jumapili anapata nafasi ya kwenda Misa, au hubaki na vyombo? Kabla hatujalala leo, baba na mama wayajibu maswali hayo kwa kweli mbele ya Mungu, na kesho warekebishe palipopungua.