Washa Simu, Muulize Shangazi

Taja majina ya baba na mama wa babu na bibi zako. Ni watu wanane tu. Wengi wetu tunaishia kwa wawili, tukijitahidi sana watatu, na karibu wote ni wanaume wa upande wa baba. Halafu tunajisemea kwamba hao ni watu wa kale, habari zao zilishapotea. Si kweli. Bibi mwenye miaka themanini na mitano leo alizaliwa karibu na mwaka 1940. Nyanya yake aliyembeba mgongoni alikuwa mtu mzima Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakipigana kwenye ardhi hii katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kati yako na mtu aliyeiona vita ile kwa macho yake imebaki sauti moja, na sauti hiyo sasa hivi iko uani inachambua mchele. Kinasa sauti unacho mfukoni. Unangoja nini?

Tusijidanganye kwamba serikali zilituwekea. Wapagazi wa Carrier Corps, wale walioiachia Kariakoo jina lake, walibeba risasi, unga na majeruhi kutoka Voi hadi ng'ambo ya Ruvuma, wakafa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita hiyo, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Walio wengi walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Karani hakuandika. Lakini mke wa mpagazi alijua nani hakurudi, na mara nyingi mtoto aliyezaliwa baadaye alipewa jina la aliyepotea. Jina hilo huenda unalo wewe kwenye kitambulisho chako.

Kama unadhani kazi ya namna hii inataka wasomi na mabilioni ya fedha, tazama walichofanya Wamarekani weusi. Kwenye sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860, mtumwa aliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wake. Jina lake mwenyewe kwa kawaida halikuandikwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina, kwa hiyo vizazi vyao wakitafuta wazee wao walikuwa wakigota hapo. Kumbe zilikuwapo kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi iliyoundwa mwaka 1865 kuwahudumia walioachwa huru: mikataba ya kazi, ndoa, mgao wa chakula, wagonjwa. Nyingi zilikuwa picha za kurasa zisizo na faharasa. Kuanzia Juni 2015, shirika la FamilySearch na wenzake waliwaomba watu wa kawaida msaada. Mtu anakaa nyumbani kwake baada ya chakula cha jioni, anafungua ukurasa mmoja kwenye kompyuta, anahangaika na mwandiko wa karne ya 19, anachapa jina, umri na mahali. Mtu mwingine anaupitia ukurasa huohuo bila kumwona wa kwanza. Wakitofautiana, wa tatu anaamua. Mwaka mmoja baadaye watu wa kujitolea zaidi ya 25,000 walikuwa wamechapa majina karibu milioni 1.8. Hawakulipwa hata nauli.

Sisi karatasi tunazo chache, lakini wazee tunao. Hapo ndipo pa kuweka nguvu kwanza, maana karatasi ya kanisani itakungoja mwaka mmoja zaidi na mzee wa miaka tisini hawezi kukuahidi hivyo.

Sasa ukifika, usianze na maswali ya polisi. Shikamoo, sukari na majani ya chai mkononi, habari za nyumbani zimalizike zenyewe. Ukimuuliza bibi alizaliwa mwaka gani atakwambia hajui na mazungumzo yatakufa hapohapo. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani bendera ilipobadilishwa. Alikuwa ameshaolewa? Alikuwa na mtoto wa ngapi watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974? Nani wa hapa alikwenda vita vya Kagera? Njaa waliyoipitia, ukoo wao uliipa jina gani, na nani alihama kwa ajili yake? Kwa maswali kama hayo tarehe zinajipanga zenyewe. Muulize pia alama za nyumba: nani alipanda mwembe ule, mpaka wa shamba ulipita wapi, yule aliyezikwa pembeni peke yake ni nani. Kwa Wachaga na Wahaya, ambako watu huzikwa kwenye shamba la nyumbani, kuzunguka migombani na mzee kwa saa moja kunakupa zaidi ya kukaa naye kwenye kochi siku nzima.

Majina nayo yana mpango. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Ukipata orodha ya watoto kwa mfuatano wao wa kuzaliwa, umeshapata wazazi wa pande zote mbili bila kuuliza. Kwa Wajaluo, Atieno alizaliwa usiku na Akoth alizaliwa wakati wa mvua. Uliza kila jina limetoka kwa nani. Na waulize wanawake. Mababu watakutajia mstari wa wanaume hadi mtu wa saba kwa mbwembwe, wanawake wote wamerukwa. Shangazi ndiye anayejua nani aliolewa wapi, kwa mahari gani, na nani alirudi nyumbani baada ya miezi miwili na kwa nini.

Kuhusu simu yenyewe, mambo ni machache. Iweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, iweke kwenye mto karibu na msemaji, mbali na redio na kuku, jaribu dakika moja usikilize. Mwanzoni taja mwenyewe tarehe, mahali na majina ya waliopo, maana faili isiyo na jina baada ya miaka mitano ni kelele tu. Picha ya zamani ipige nje kivulini bila flashi, kisha igeuze upige na nyuma yake. Huko ndiko kuna muhuri wa studio na maandishi ya kalamu. Ukiirusha WhatsApp kama picha inabanwa na kufifia. Itume kama faili. Halafu nakala tatu: kwenye simu, kwenye diski au kompyuta, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Nimeona historia nzima ya ukoo ikitumbukia chooni na simu moja.

Ukishamaliza na wazee, nenda kwenye karatasi. Kadi ya TANU, kipande cha mkoloni, risiti ya kodi ya kichwa, yote hayo yako kwenye sanduku la chini ya kitanda. Parokiani omba kwa adabu daftari la ubatizo: mstari mmoja unakupa wazazi, msimamizi na padri, na pembeni huandikwa kipaimara na ndoa hata kama ilifungwa parokia nyingine. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na ile ya Rabai karibu na Mombasa ni ya 1846. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi.

Peke yako utachoka, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Hakuna watu duniani wanaojua kuunda kamati kama sisi. Harusi ikitangazwa leo, kesho kuna mwenyekiti, mhazini, kundi la WhatsApp na mtu maalumu wa kuwasumbua wasiotimiza ahadi. Unda kamati ya ukoo kwa nguvu hiyohiyo, bila mchango wowote zaidi ya muda. Kijana wa kidato cha nne anarekodi. Anayejua lugha ya nyumbani vizuri anauliza. Binamu aliyeko Muscat au Toronto, anayelalamika kila siku kwamba yuko mbali na watu wake, atumiwe sauti aziandike neno kwa neno. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinazidi kukielewa Kiswahili, na kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla watu wamejitolea kusoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze. Lakini bibi akiingia kwenye Kipare au Kimeru, mashine huenda isikusaidie, anatakiwa binamu.

Mtakutana na mambo magumu pia: mtoto wa nje, shamba lililochukuliwa kwa hila, babu aliyenunuliwa akaingizwa kwenye ukoo. Rekodini, lakini mwenye habari aseme nini kisikike kwa nani, na taarifa za walio hai zisibandikwe mtandaoni. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ingawa heshima ya nyumbani ilitangulia sheria zote mbili.

Usisubiri Desemba, mabasi yamejaa na nyumba imejaa wageni, hakuna atakayekusikiliza. Mpigie shangazi leo jioni. Ataanza kukuuliza ulikuwa wapi siku zote hizi na kama umemkumbuka kwa sababu una shida. Kubali lawama zote bila kujitetea, kisha muulize Jumamosi ipi ana nafasi.