Mrefu Kuliko Wenyeji



Je, ni vibaya kumshangaa mtu kwa sababu ya maumbile yake? Swali hili limenisumbua tangu nilipostaafu ualimu, nami nawaletea tulifikiri pamoja.

Mwaka 1579 padre mmoja Mwitalia, Alessandro Valignano, alifika Japani akiwa na mtumishi Mwafrika, ambaye husemekana alitoka Msumbiji. Wajapani walimwita Yasuke. Mwaka 1581 alipoingia Kyoto, watu walisongamana kumtazama hata wengine wakaumia. Mtawala Oda Nobunaga naye hakuamini macho yake. Aliamuru Yasuke avuliwe nguo hadi kiunoni na kusuguliwa kwa maji, akidhani weusi ule ni wino. Mjapani mmoja aliandika urefu wake katika kumbukumbu zake. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 188.

Hapa Rubafu kijana wa urefu huo huambiwa tu aangue parachichi. Basi, mtu huwa mrefu au mfupi kwa kadiri ya wale wanaomzunguka.

Lakini tazameni yaliyofuata. Nobunaga alipokwisha kushangaa, alizungumza na mgeni yule, akapendezwa naye, akampa nyumba, posho na upanga. Mwaka 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga, naye akafa. Yasuke akaenda kumpigania mwana wa bwana wake hata akakamatwa. Mitsuhide akasema kwamba huyu ni mnyama tu, hajui kitu, wala si Mjapani. Asiuawe, apelekwe kwa mapadre. Mtu ni yule yule, na urefu ni ule ule. Mmoja alimwona rafiki, mwingine alimwona mnyama. Naam, hata uhai waweza kutolewa kwa dharau.

Ndugu zangu, mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili. Miaka ya 1980 nilikuwa na mwanafunzi, mtoto wa wakimbizi kutoka Rwanda, aliyewapita wenzake kichwa kizima. Kila nilipotaka ubao ufutwe kule juu, nilimwita "Mnyarwanda mrefu". Darasa lilicheka, naye alicheka. Baadaye alianza kuketi nyuma kabisa, amejikunja kama mtu mwenye baridi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kumwita kila mtoto kwa jina lake, nami nikasahau.

Niliuelewa mzaha wangu mwaka 1994. Kule Rwanda, kwenye vizuizi vya barabarani, urefu wa mtu ulikuwa mojawapo ya alama za kumchagua wa kuuawa. Mto Kagera ukaleta miili hadi katika ziwa letu hili. Sisemi mzaha wa darasani ndio uliowaua. Nasema kwamba jicho lililozoea kuona urefu kabla ya kumwona mtu, siku ya ubaya huwa limekwisha kufundishwa kazi.

Na sisi je? Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, nilisikia jirani akisema juu ya jirani: "Mtazameni alivyo mrefu, huyu si wa hapa." Serikali ina haki ya kuuliza vibali. Lakini tangu lini urefu umekuwa kibali?

Hata nabii Samweli alidanganywa na kimo cha Eliabu, akadhani ndiye mfalme, mpaka Mungu alipomwonya kwamba Yeye hutazama moyo. Ikiwa nabii alikosea, sisi tusijivune.

Basi jibu langu ni hili. Kushangaa si kosa, maana macho hayaombi ruhusa. Kosa ni kuishia hapo. Ukimwona mgeni aliyekuzidi kimo, shangaa upesi, kisha muulize jina lake, umkaribishe kiti. Akiisha kuketi, mtatazamana usoni.

Yule mwanafunzi wangu, kama yu hai, ni mtu mzima sasa. Jina lake nalikumbuka. Ningependa kumwita kwalo, walau mara moja.