Kipi Kibaki, Kipi Kitolewe

Gurudumu la nyuma la pikipiki kongwe likigoma kuzunguka, kasoro mara nyingi imo kitovuni: grisi imekauka, maji yamepenya, na beringi za chuma zimeshikwa na kutu ndani ya habu. Habu ikiwa ya alumini, kama zilivyo nyingi, hewa ya chumvi huzidi kuyatafuna madini hayo mawili pale yanapogusana.

Fundi mwenye pupa hunyanyua nyundo. Mwenye maarifa huipasha habu moto kwanza. Alumini hutanuka takriban mara mbili kuliko chuma. Kwenye nyuzi 100 hivi makazi ya beringi hulegea, nayo hutoka kwa kugongwa kidogo tu.

Hapo ndipo swali la maadili linapozuka. Mwenye pikipiki hutaka kila kipande kibaki kilekile cha asili, na wahenga wanaelekea kumuunga mkono: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hata mbacha hutiwa ukili mpya unapochanika. Beringi iliundwa ichakae ili habu isichakae. Kuirudisha hali imeshaliwa, kwa jina la kuuenzi ukale, ni kuyaweka rehani maisha ya mpandaji. Gurudumu likikwama mwendoni, atakayeanguka ni yeye.

Kumheshimu aliyekiunda chombo, basi, ni kutambua kipi alikikusudia kidumu na kipi alikikusudia kibadilishwe. Habu ileile ya zamani, beringi mpya, grisi safi: chombo kitaitwa kwa jina lake la kale, na kitakwenda.