Je, Kuwapo kwa Utakaso Kwaondoa Hatia?

Mtafutaji wa haki huweza kuuliza: Kama Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe, pana hasara gani mtu akitenda ovu leo na kutubu kesho? Swali hili halifai kudharauliwa, na jibu lake limo hata katika udongo tuukanyagao.

Tuseme fundi wa magari huko Nkunga, wilayani Rungwe, amwaga oili chafu mtelemkoni. Ndani yake, kama katika masizi ya kuni, mna sumu ambazo kaboni yake imefungamana kwa pete mbili, tatu, hata tano. Baadhi yake huleta saratani. Mwaka 1775 tabibu Percivall Pott wa London aliuona ugonjwa huo kwa wasafishaji wa mabomba ya moshi. Na mwaka 1933 mojawapo ya sumu hizo, benzopireni, ilitambuliwa katika lami ya makaa ya mawe.

Lakini udongoni mna bakteria, kama wale wa jinsi ya Pseudomonas, wenye vimeng'enya vya ajabu. Kimoja, chenye chuma ndani yake, huchukua oksijeni ya hewa na kutia atomu mbili katika pete. Vingine huipasua pete hiyo, mpaka mwishowe ibaki hewa ile tuitoayo tunapopumua, pamoja na maji. Hapana mtu aliyeomba viumbe hivi viumbwe. Hiyo ndiyo rehema ya Rahmani, atoaye kabla ya kuombwa.

Hata hivyo, yatazame masharti. Pasipo oksijeni kimeng'enya hicho hakifanyi kazi. Pete mbili huvunjwa kwa wepesi, lakini tano kwa shida na kwa muda mrefu. Na fundi akizidi kumwaga kila siku, utakaso haumfikii kamwe. Ndivyo ilivyo toba. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alieleza kwamba Rahimu huzaa matunda katika juhudi ya mja. Basi hulipwa juhudi ya mwenye kuacha kosa, si hila ya mwenye kulipanga.

Tena, kabla bakteria hawajamaliza kazi, mvua nyingi za Rungwe huweza kuipeleka oili kijitoni, na jirani wa bondeni akanywa. Udongo waweza kutakata baadaye. Nani atamrudishia jirani afya yake? Ndiyo maana Uislamu hupambanua haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Aliyemdhuru jirani hatakasiki kwa kulia msikitini tu. Yampasa aache, aondoe uchafu, na amridhishe aliyedhuriwa.

Basi, ndugu msomaji, rehema ni dawa, wala si ruhusa. Na mwenye akili hanywi sumu kwa kuwa dawa ipo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuliepuka ovu kabla ya kuhitaji kulifuta. Amin.