MWENYE NYUMBA, FUNDI NA AHADI ILIYO KATI YAO

Khutba ya Ijumaa – Likasi

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake, na kila aliyefuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, nawausia ninyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah. Na kumcha Allah hakuishii hapa msikitini. Kunatufuata sokoni, kazini, na hata pale tunapojenga nyumba. Leo tutazungumza juu ya jambo linalovunja undugu wetu mara nyingi: ugomvi wa mwenye nyumba na fundi wake.

Katika mji wetu nyumba nyingi ni za zamani. Nyingine zilijengwa wakati mji ukiitwa Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966. Manjanja yameota kutu, mabomba yameziba, kuta zimepasuka. Kwa hiyo karibu kila familia, iwe Kikula, Panda, Shituru au komini ya Likasi, siku moja itamwita fundi. Wako wazee wetu walioondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003 na 2004, wakatia pesa yao ya mwisho katika nyumba. Pesa ya namna hiyo hairudi mara ya pili. Na kwa upande mwingine, wako vijana wetu ambao ufundi ndio chakula cha watoto wao. Wote wawili ni ndugu, pengine wanasimama swafu moja. Wakigombana, msikiti mzima unapasuka.

Chukueni mfano. Mtu ana nyumba inayovuja. Anapatana na fundi kubadilisha manjanja na mbao za paa, na kupiga lipu vyumba viwili, kwa dola 1,800 kila kitu. Anatoa avansi ya dola 1,000 mkononi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Wanaambiana, "Sisi ni ndugu." Manjanja ya zamani yanaondolewa. Wiki ya kwanza kazi inakwenda. Wiki ya pili fundi haonekani, na simu haishiki. Mwezi wa 11 mvua zinaanza, na watoto wanalala na ndoo pembeni ya kitanda. Fundi anaporudi anasema: "Simenti imepanda, na wewe uliniongezea dirisha na choo. Toa dola 600 nyingine." Mwenye nyumba anajibu: "Hupati hata faranga." Anazishika nyundo na ngazi za fundi na kuzifungia chumbani. Fundi anakwenda polisi. Kutoka siku hiyo wote wawili wanatoa pesa, na paa bado liko wazi.

Ndugu zangu, ukiwasikiliza watu kama hawa, utaona kila mmoja ana haki yake na kila mmoja ana kosa lake. Basi tutazame dini inasema nini.

Kwanza: mapatano ni amana. Katika aya ya 1 ya Sura Al-Maida, Allah (S.W.T.) anawaamuru walioamini watimize mikataba yao. Hakusema mikataba ya swala na saumu tu. Mkataba wa paa umo, na mkataba wa choo umo. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Hata sheria ya nchi yetu juu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu cha 33 inayahesabu mapatano ya halali kuwa ni sheria kwa wale waliopatana.

Pili: mapatano yaeleweke. Fundi akileta vifaa na kazi kwa bei moja, huo ni mkataba ambao wanazuoni wanauita istisnaa. Mwenye nyumba akinunua vifaa mwenyewe, na fundi akaleta mikono yake tu, huo ni ijara, yaani kukodi kazi. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 huko Jidda mwaka 1992, liliamua kwamba istisnaa inawafunga wote wawili, kwa sharti ijulikane aina ya kazi, kiasi chake na sifa zake, na muda uwekwe. Jopo hilo likaruhusu malipo yatolewe kwa mafungu yenye tarehe zinazojulikana. Likaruhusu pia wapatane juu ya fidia ya kuchelewa, isipokuwa pale ambapo kazi imezuiwa na dharura isiyoepukika.

Tazameni jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyoajiriwa huko Madyan, katika Sura Al-Qasas, aya ya 26 mpaka 28. Muda ulitajwa: miaka 8, na ikiwa atatimiza 10, hiyo ni hiari yake. Malipo yalitajwa. Mwajiri aliahidi kutomtia taabu. Na wote wawili wakamweka Allah kuwa shahidi. Binti wa yule mzee alitaja sifa mbili za mtu wa kuajiriwa: awe na nguvu, na awe mwaminifu. Basi usimchague fundi kwa sababu bei yake ni ndogo tu. Uliza juu ya ujuzi wake, na uliza juu ya uaminifu wake kwa wale aliowajengea kabla yako.

Tatu: andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, haikuteremka kueleza swala wala Hija. Inaeleza namna ya kuandika deni na kuweka mashahidi, na inatukataza kuchoka kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Anayesema "sisi ni ndugu, hatuandikiani" anadhani anaulinda undugu. Allah anaujua undugu kuliko yeye, na ameamuru kuandika. Karatasi moja ya daftari inatosha: kazi gani, vifaa gani na vya aina gani, nani ananunua, bei gani, avansi kiasi gani, kazi itakwisha lini, na sahihi za mashahidi wawili. Na kila kazi ikiongezwa, iandikwe na bei yake siku hiyo hiyo, kabla nyundo haijapigwa.

Nne: ewe fundi, mche Allah. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni maji na juu ni pakavu. Akamkemea muuzaji kwamba anayeghushi si katika sisi. Hadithi hii ameipokea Muslim. Na ukuta wenye lipu nzuri juu na mchanga mtupu ndani, una tofauti gani na nafaka ile? Uliahidi mifuko 20 ya simenti ukatia 14: hiyo ni dhuluma ya wale wanaopunja vipimo, ambao Sura Al-Mutaffifin imewatishia kwa adhabu. Simenti na misumari iliyonunuliwa na mwenye nyumba ni amana mikononi mwako. Ikibaki, ni yake. Na iko dhambi ambayo mafundi wengi wanaiona ni ndogo: kuchukua avansi ya Fulani ili kumaliza nyumba ya Fulani mwingine, kisha kutafuta mteja wa tatu ili kumrudia wa kwanza. Mlolongo huo siku moja hukatika, na unapokatika familia ya mtu inanyeshewa.

Tano: ewe mwenye nyumba, na wewe mche Allah. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah anasema kwamba Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu, umepata kufikiri maana yake? Ukigombana na fundi mbele ya tribinali, huenda ukashinda. Ukigombana na Allah, nani atakutetea? Wako wanaosubiri kazi imalizike, ndipo waanze kutafuta kasoro ya kila tofali ili wasitoe malipo ya mwisho. Wako wanaosema "ongeza na hiki" kila asubuhi bila kuuliza bei. Na wako wanaoshika vyombo vya fundi, na hali vyombo hivyo ndivyo mkono wake wa kazi. Mali ya Mwislamu si halali kwako bila ridhaa yake.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Bei ilikuwa dola 1,800 kila kitu. Basi kupanda kwa simenti kwa kawaida ya soko ni juu ya fundi, kwa sababu kama ingeshuka, faida ingekuwa yake. Ikiwa bei imeruka kupita kiasi kwa jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1982 lilikubali kwamba kadhi anaweza kugawanya hasara kwa uadilifu. Lakini dirisha na choo havikuwa katika mapatano ya kwanza. Mwenye nyumba aliviagiza, na ni lazima avilipe. Wasipokubaliana bei, watarudi kwenye ujira wa mfano, yaani bei ambayo mafundi wa mji wanatoza kwa kazi kama ile. Fundi amalize paa, ajibu kuhusu kuchelewa kwake. Mwenye nyumba arudishe nyundo na ngazi leo, kabla ya maneno mengine yote.

Nasema haya, na namwomba Allah msamaha kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na swala na salamu zimfikie Mtume wa Allah.

Ndugu Waislamu, nyumba tukufu kuliko zote duniani nayo ilifanyiwa matengenezo, na ugomvi ulitokea. Mtume (S.A.W.) alikuwa na umri wa miaka 35, kabla hajapewa utume, wakati Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba. Walikubaliana wasitie humo ila pesa safi, isiyo ya riba wala ya dhuluma. Pesa ile haikutosha. Je, walikwenda kuchukua pesa chafu kujazia? Hapana. Walilipunguza jengo upande wa Hijri, na mpaka leo kila anayekwenda Hija anaona sehemu ile iliyobaki nje. Wewe pia, pesa ikipungua, punguza vyumba. Usipunguze haki ya mtu.

Kisha wakagombana nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake, wakakaa siku nne au tano karibu kumwaga damu. Mwishoni wakakubali hukumu ya mtu wa kwanza atakayeingia mlangoni. Akaingia Muhammad, Mwaminifu. Akatandaza nguo, akaweka jiwe juu yake, kila ukoo ukashika upande, wakalinyanyua pamoja.

Na Madina, Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti mpaka sauti zao zikamfikia Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab asamehe nusu. Kaab akakubali papo hapo. Kisha akamwambia mdaiwa asimame alipe. Bukhari na Muslim wamepokea kisa hiki. Oneni: aliyesamehe alisamehe, lakini na mwenzake hakuachwa aondoke bila kulipa.

Basi ukitokea ugomvi, msikimbilie polisi. Chagueni watu wawili waaminifu, mmoja awe anajua ujenzi. Waende kwenye parseli, wapime kwa futi, wahesabu kilichofanyika na kilichobaki, waandike. Sulhu ikishindikana, tribinali si haramu. Lakini kumbukeni onyo la Mtume (S.A.W.) kwamba anayepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa ulimi wake, amepewa kipande cha moto. Hukumu ya karatasi haiigeuzi dhuluma ikawa halali.

Aliye hapa leo na deni la fundi, alilipe kabla ya Ijumaa ijayo. Aliye hapa na avansi ya mtu mfukoni, kesho asubuhi aende kwenye kazi.

Ewe Allah, tupe riziki ya halali. Zibariki nyumba zetu, na mikono ya wanaozijenga. Patanisha baina ya waliogombana. Warehemu wazazi wetu na maiti wetu, waponye wagonjwa wetu, na uipe nchi yetu ya Kongo amani. Amin.

Simameni tuswali.

Karatasi hii ina jina la Allah. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.