Jua la nje na mazuti ya ndani



Tangu miezi mingi tunawaomba sadaka ya mazuti. Mama muuza makala anatoa, mwalimu asiyelipwa anatoa, nasi mashemasi tunaandika katika daftari. Basi mtoto mmoja alituuliza: kwa nini grupu inawaka saa ine ya asubuhi, na nje kuna jua kali? Tulimjibu haraka kwamba hekalu lina giza. Ni kweli. Lakini nani alilitia giza?

Hapa Lubumbashi, baada ya uporaji wa 1991, wazee waliotutangulia waliziba madirisha sita kwa matofari. Hatuwahukumu, waliogopa kwa haki. Woga ulikwisha, matofari yakabaki, na tangu pale tunanunua kwa pesa mwanga ambao Baba anawapa wema na wabaya bila kulipisha.

Wengine watasema: tununue pano za jua, maneno yaishe. Pano ni kitu kizuri. Lakini ya kawaida inageuza karibu sehemu moja tu katika tano za nguvu ya jua kuwa umeme, tena usiku inadai batri, na batri ni bei kali. Dirisha halidai kitu. Tukifungua upande wa kusini, mwanga utaingia bila joto kubwa. Tukipaka manjanja rangi nyeupe, ventilateri zitapumzika. Mikro na kinanda bado vitataka umeme, hatuwadanganyi. Kwa hivyo pano ndogo itatosha.

Umeme wa mji nao unatoka mbali. Waya wa Inga, uliomalizika 1982, unasafiri karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, ukipita juu ya vijiji vyenye giza. Nasi tuwashe ampuli mchana?

Tulibishana sana: shemasi akiomba pesa ya kitu kisichohitajiwa, ni wizi? Mmoja wetu alisema hapana, hakuna aliyetia mfukoni. Sisi wengine tunaona pesa ya mjane iliyochomwa saa sita ya mchana imepotea sawasawa na iliyoibiwa. Na tuungame: tulipenda ile kelele ya grupu, majirani wajue tuko na nguvu.

Tumekubaliana kufungua madirisha mawili kwanza. Matofari yatajenga ukuta wa choo. Chuma za kuzuia wezi bado tunazitafuta, mwenye nazo atuambie. Sadaka ya mazuti ya mwezi huu hatutaiomba.