Barua Pepe Nayo Hupigiwa Hodi

Nauza udi na leso mtandaoni, hapa Mombasa. Juzi kijana mmoja alitaka kuniuzia orodha ya anwani za barua pepe, maelfu kwa mkupuo. "Mama, wateja tayari hao." Tayari kwa nani? Hawanijui, wala sijawaomba ruhusa.

Sura ya An-Nur katika Qur'ani, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa na salamu. Aya inayofuata inasema ukiambiwa rudi, urudi. Kijana akajitetea kwamba barua haimdhuru mtu, ataifuta tu. Lakini hata aingiaye bila hodi huenda asiibe kitu. Kosa lake ni kule kuingia.

Basi kwangu mtu hujiandikisha mwenyewe, kisha nampelekea kiungo abofye kuthibitisha. Wengine huishia hapo, na orodha yangu ni fupi kweli. Ila waliobaki husoma, huuliza bei, huagiza. Kiungo cha kujiondoa nimekiweka wazi, si yale maandishi ya kijivu ya kutafutwa kwa miwani.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inadai ridhaa. Ukiletewa orodha ya kununua, ikatae.